Mchoro wa ukutani umeanza kuharibika? Tafuta dalili yako hapa kabla hujashika brashi

Haya ni matatizo yaleyale ambayo wachoraji wa kuta kubwa wanayalalamikia kila msimu, hasa ile michoro mikubwa ya kuusifia mji, ambayo watu wanaipita kila siku wakienda kazini. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho, afu chini ya kila dalili kuna sababu zake kuanzia ile inayotokea sana mpaka ya nadra. Ila jambo moja nalisema mapema, manake mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa: mchoro ukiharibika kila mtu analaumu rangi, kumbe mara nyingi rangi haina kosa lolote, kosa liko kwenye ukuta, na ndani ya ukuta mkosaji mkubwa ni maji. Kwahiyo usinunue ndoo nyingine ya rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Kuhusu usalama, vichache tu lakini usivipuuze. Ngazi ya kuegemeza, kila mita 4 za kwenda juu mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Kama kuna nyaya za umeme karibu na ukuta, usisimamishe jukwaa wala usipandishe rola yenye mti mrefu mpaka watu wa umeme waje waangalie, na kumbuka mti wa alumini unapitisha umeme. Jukwaa refu lifungwe na mafundi wa majukwaa wenyewe, sio na rafiki yako anayejua kufunga fundo. Upepo ukianza kuyumbisha jukwaa, shuka.

Rangi inabanduka kama maganda

Hii ndo inaongoza. Okota kipande kilichobanduka, kigeuze uangalie mgongo wake, jibu liko hapo. Mgongo ukiwa na vumbi au unga wa plasta, ukuta haukusafishwa vizuri au plasta yenyewe ni dhaifu inatoa unga, na hiyo ndo sababu ya kwanza kuliko zote. Ukiona mgongo msafi halafu ukutani imebaki rangi ya zamani inayong'aa, basi ulipaka juu ya rangi ya mafuta bila kuipiga msasa, rangi mpya ikakosa pa kushika. Mgongo ukiwa na unyevu au chumvi ni maji, nenda sehemu inayofuata. Na kama limetoka koti la juu tu, yaani tabaka la mwisho la rangi, huku la chini limebaki zima, mara nyingi koti la juu lilipakwa wakati ukuta unachemka kwa jua, maji ya kwenye rangi yakakimbia kabla rangi haijashikana na ya chini, au koti la chini lilikaa wiki kadhaa likapigwa vumbi la barabarani na hakuna aliyelifuta.

Kupima ni rahisi. Pitisha kitambaa cheusi ukutani, kikirudi cheupe ukuta unatoa unga. Afu chukua wembe, kata vimistari vya kupishana kama gridi ndogo ya ukubwa wa kidole gumba, bandika tepu ngumu juu yake, isugue vizuri, ivute kwa mara moja. Tepu ikija na vipande vya rangi basi hapo pote hapana uimara, hata kama kwa macho panaonekana pazima.

Kutibu sasa: kwangua mpaka ufike mahali ambapo skrepa haitoi kitu tena, lainisha kingo kwa msasa, osha kwa maji na sabuni, suuza, acha pakauke siku kadhaa, piga praima ya kushika unga, yaani koti la kwanza la kushikisha rangi, ndo urudishe rangi. Watu wengi wanaziba tu palipobanduka wakaacha pembeni palipolegea, mwezi ujao wanarudi kukwangua tena na kile walichorudishia.

SIMAMA hapa kama jengo ni la zamani na chini kuna matabaka mengi ya rangi usiyojua ni ya lini. Rangi za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Usipige msasa mkavu, usichome kwa moto, usikwangue huku watu wanapita chini. Peleka kipande kikapimwe kwanza, ikithibitika ni risasi kazi ya kuondoa ni ya watu wenye vifaa vyake.

Unga mweupe unatokeza juu ya mchoro, hasa kwenye rangi nzito

Hiyo ni chumvi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yanayeyusha chumvi ya saruji na matofali, yanatoka nje, yanakauka, chumvi inabaki juu. Watu wanaifikiria ni kuvu, kwahiyo anza kwa kutofautisha: weka tone la maji, chumvi inayeyuka na kupotea halafu inarudi pakikauka. Kuvu mara nyingi ni nyeusi au kijani, na ukiigusa na tone la dawa ya klorini inapauka, uchafu wa kawaida haupauki.

Sababu inayoongoza ni haraka. Plasta au zege jipya linahitaji kama siku 28 kukomaa, na kwenye hali ya hewa ya unyevu linahitaji zaidi, ila mfadhili anataka uzinduzi wiki ijayo basi watu wanapaka. Inayofuata ni maji kutoka juu, yaani kichwa cha ukuta hakina kofia, bati limetoboka, bomba la maji ya mvua limeziba linamwagia ukutani. Inafuata maji ya kutoka chini, ukuta unanyonya maji ya ardhini, hii utaijua kwa sababu unga unakuwa kama mkanda kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno hivi, juu hakuna kitu. Ya mwisho ni bomba lililopasuka ndani, hapo unga unakuja sehemu moja tu kama duara na hauhusiani na mvua.

Kipimo kizuri ambacho hakina gharama: kata nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, bandika ukutani kwa tepu pande zote nne pasiingie hewa, iache mpaka kesho yake, angalau saa 16. Matone yakiwa ndani, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani, usipake. Matone yakiwa nje ni unyevu wa hewa tu. Fanya sehemu kadhaa, juu na chini, manake ukuta mmoja unaweza kuwa mkavu kushoto na umelowa kulia.

Kutibu: zuia maji kwanza, kama hujazuia maji usifanye kitu kingine chochote. Afu chumvi isugue na brashi kavu ngumu uizoe, usianze na maji manake yanairudisha ndani. Subiri, sugua tena, mpaka iache kuja. Kosa baya kuliko yote ni kupaka kitu cha kuzuia maji juu ya ukuta ambao bado una maji ndani. Umefunga mlango na mwizi yuko ndani, chumvi itakua nyuma ya rangi na kuisukuma pamoja na uso wa plasta. Kwa kuta za namna hiyo zipo rangi za silikati zinazoungana na plasta yenyewe na kuruhusu ukuta upumue, ni bora mara mia, ila zinataka plasta au zege tupu, hazishiki juu ya rangi ya plastiki.

Kuna wanaoshauri tindikali ya kuoshea ukuta. Kama hujawahi kuitumia mwachie fundi anayeijua, na kamwe, narudia kamwe, isikutane na dawa ya klorini uliyotumia kuua kuvu, mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini yenye sumu. Na mkanda wa unyevu kutoka chini sio kazi ya mchoraji, hiyo ni ya mtu wa majengo.

Malengelenge

Toboa moja. Ukiona plasta tupu ndani ni maji, rudi juu. Ukiona rangi nyingine ndani, ni joto, ulipaka kwenye ukuta wa moto au ulipaka rangi nzito nyeusi juu ya koti ambalo halijakauka. Kipimo cha joto ni kiganja: ukishindwa kukiweka ukutani kwa utulivu, usipake, fuata kivuli, asubuhi upande huu mchana upande ule. Na baridi nayo ina shida zake, rangi nyingi za akriliki hazishikani vizuri chini ya nyuzi 10, na ukuta wenye umande wa asubuhi unaonekana mkavu kumbe sio.

Rangi zimepauka, nyekundu imekuwa pinki, njano imepotea

Hapa wengi wanasema jua, na kweli jua lipo, lakini swali ni kwanini bluu ya pembeni haijapauka wakati jua ni lilelile. Jibu ni pigmenti, yaani ule unga unaoipa rangi weusi wake, wekundu wake au bluu yake. Sababu ya kwanza ni kuwa rangi ilichanganywa na pigmenti za ndani ya nyumba, hasa zile nyekundu kali, pinki na njano za kung'aa. Geuza kopo usome, rangi za wasanii zinaandikwa namba ya pigmenti: PB15 na PG7 ni bluu na kijani vinavyovumilia jua sana, PW6 ni nyeupe ya titani, PR101 na PY42 ni nyekundu na njano za oksidi ya chuma, yaani ndugu wa udongo mwekundu, na hizo zinadumu kuliko zote. Kama kopo halina namba na muuzaji hawezi kukuambia ni ya nje au ya ndani, usiipake kwenye uso wa mtu.

Sababu ya pili ni maji mengi. Mtu anataka rangi ifike basi anaongeza maji mpaka inakuwa kama chai, ile gundi inayoshika pigmenti inakuwa chache, baada ya muda ukigusa ukuta mkono unarudi na rangi. Ya tatu ni kutopaka vanishi ya kuzuia mionzi, na hapa niseme wazi, vanishi inasaidia lakini haiokoi pigmenti mbovu.

Ya nne ni ya nadra kidogo ila inachanganya watu: rangi imebadilika ndani ya wiki chache tu, tena kwa mabaka. Hiyo sio jua, ni ukali wa saruji mpya, ambayo inaunguza pigmenti baadhi, bluu ile ya Prussia kwa mfano haivumilii saruji kabisa. Suluhisho ni kuacha ukuta ukomae na kupiga praima inayostahimili ukali huo.

Ukiwa na muda kabla ya mradi, paka rangi zako zote kwenye kibao, funika nusu kwa karatasi ya alumini, kiweke juani miezi mitatu, funua. Hakuna muuzaji atakayekudanganya tena.

Uso unaonekana umepinda, majengo yanalala upande

Ukiwa juu ya jukwaa huoni kitu, uko sentimita 40 kutoka kwenye jicho lenye ukubwa wa mlango. Shuka, vuka barabara, piga picha kwa simu, igeuze juu chini. Ikigeuzwa kosa linajitokeza lenyewe.

Mara nyingi kosa ni gridi, yaani ile miraba ya kuhamishia mchoro ukutani, iliyopimwa kutoka ardhini. Ardhi ina mteremko hata kama huuoni, kwahiyo anza na mstari mmoja uliosawazishwa kwa levo ya maji, yule mpira mwembamba wenye maji ndani, upande wa wima tumia timazi, yaani uzi wenye uzito chini, na vipimo vyote vitoke sehemu moja ya kuanzia. Ukipima boksi kwa boksi, kosa la sentimita 1 kila boksi kwenye maboksi 20 linakuwa sentimita 20, pua imehamia shavuni. Kama ulitumia projekta, basi ilikuwa imeinama na picha ikapanuka upande mmoja. Na kuna jingine ambalo sio kosa la kupima: watu wanautazama mchoro kutoka chini, kwahiyo kichwa kilicho juu kinaonekana kidogo na kifupi. Wachoraji wazoefu wanavirefusha kidogo vya juu, ila jaribu kwanza, simama pale watu wanaposimama kweli.

Gridi ikikushinda kwa sababu ukuta una madirisha na mabomba, kuna njia ya kuchora alama ovyo ukutani, herufi, maduara, vimistari, afu unapiga picha ukuta wote, unaweka mchoro wako juu ya picha hiyo kwenye simu, unafuata tu, kwamba jicho linaanzia kwenye ile herufi na kuishia kwenye lile duara. Mimi siku hizi nafanya hivyo kwenye kuta zote kubwa.

Anga la kushoto halifanani na la kulia

Makopo tofauti. Changanya makopo yote ya rangi moja kwenye pipa moja kabla hujaanza, na piga hesabu yako mapema: lita 1 inafunika kama mita za mraba 8 mpaka 10 kwenye ukuta laini kwa koti moja, ukuta wa kukwaruza unakunywa zaidi. Ukuta wa mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160, yaani lita 16 mpaka 20 kwa koti. Na usilinganishe rangi mbichi na iliyokauka, akriliki ikikauka inakolea.

Mchoro umekamilika, ni mzuri, lakini watu wa pale hawautambui

Hii nayo ni hitilafu, na kwangu mimi ni kubwa kuliko chumvi, manake chumvi unaweza kuisugua. Dalili zake: watu wanapita bila kugeuka, anayepiga picha ni mgeni tu, mwenyeji akiulizwa anasema 'wamechora chora mji'. Kuna ukuta nilimaliza, rangi safi, mistari imenyooka, mama mmoja anayeuza mita chache kutoka hapo akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu huu ni mji gani? Nilikuwa nimechora mnara, daraja na ndege wa kwenye nembo. Yeye alikaa hapo miaka yote hajawahi kuukaribia ule mnara.

Sababu ya kawaida ndo hiyo, mchoro umetokana na picha za kadi za watalii. Inayofuata ni kuwa walioulizwa ni wale waliotoa hela tu, kamati imekaa ukumbini, haikukaa ukutani. Ya tatu ni kujaza kila kitu, alama 15 kwenye ukuta mmoja, jicho halina pa kutua. Na ya nadra ila inauma: ukuta ulikuwa na kitu cha watu kabla yako, jina la marehemu, tangazo la zamani walilolizoea, nawe umelifunika bila kuuliza.

Kipimo: kabla ya kupaka, chapisha mchoro bila maandishi, mwonyeshe mtoto wa shule, dereva, mzee, muulize hapa ni wapi. Kama hawezi kusema, bado. Afu kaa pale ukutani siku nzima, asubuhi mpaka usiku, uandike nani anapita, anabeba nini, kivuli kinaangukia wapi, watu wanaitaje ile kona, maana jina la ramani na jina la watu mara nyingi ni mawili. Mfano mkubwa ninaoupenda ni Great Wall of Los Angeles, mchoro wa ukutani wa msanii Judy Baca huko Marekani, ulioanza kupakwa miaka ya 1970 kwenye ukingo wa mfereji wa mafuriko, una urefu wa kama nusu maili, na uliwashirikisha vijana zaidi ya 400 wa huko kuchora historia ya watu ambao hawamo kwenye kadi za watalii.

Kama mchoro umeshapakwa, usifute wote. Tafuta sehemu ya chini, usawa wa macho, ongeza watu na vitu vya hapo penyewe. Sura ya mtu halisi iwe na ruhusa yake ya maandishi, na ya mtoto iwe na ya mzazi. Mwenye ukuta naye muandikishane nani ataamua ukifika wakati wa kufutwa. Mchoraji wa Mexico, Siqueiros, alipaka mchoro wa América Tropical mwaka 1932 hukohuko Los Angeles, ujumbe haukuwapendeza waliouagiza, ukapakwa chokaa ndani ya miaka michache, na umma umekuja kuuona tena rasmi mwaka 2012.

Mtu ameandika maandishi yake juu ya mchoro

Usikimbilie thina. Inayeyusha na mchoro wako. Jaribu sabuni na maji ya vuguvugu kwanza, haraka kabla haijakauka. Kama kuna vanishi ya kulinda, angalia ni ya aina gani: ile ya nta inatoka pamoja na uchafu kwa maji ya moto na unaipaka upya, ile ngumu ya poliyurethani inabaki na inavumilia dawa ya kusafishia, ila ikifunga ukuta wenye unyevu inaleta yale ya chumvi. Kwahiyo ukiwa na shaka na ukuta, chagua ya nta. Kama hakuna vanishi yoyote, paka upya sehemu hiyo, na ndo maana unahitaji kuweka akiba ya kila rangi kwenye chupa iliyofungwa vizuri yenye jina na namba ya kopo.

Nyufa

Nyembamba kama unywele, zimetawanyika kama utando, ni plasta ilikauka haraka. Ziba, piga praima, endelea. Ufa mmoja mrefu ni habari nyingine: weka alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Ukiwa umepita alama, ukuta unatembea na hakuna puti itakayoushika.

SIMAMA kabisa usipande hata jukwaa kama ufa unaingiza ncha ya kidole, au unapanda kwa ngazi kufuata matofali, au ukuta umetoa tumbo, au kuna madoa ya kutu yanayochuruzika na ukigonga panalia kama debe tupu. Hiyo kutu ni nondo zinavimba ndani na zege linaweza kudondoka juu ya watu. Zungushia kamba chini, mwambie mwenye jengo siku hiyohiyo aite mhandisi, na mhandisi akija mpe zile picha zako zenye tarehe.